Kupanda Mlima Nikiwa Nimekaa

Mume wangu alifariki gari lake likiwa wazi. Boneti ilikuwa imefunguliwa na kuegemezwa ukutani, kabureta imetolewa, na vyuma vipya vimepangwa juu ya magunia chini ya kibanda cha uani, kila kimoja mahali pake. Ijumaa alilala na homa akisema Jumatatu atafunga pampu. Jumatatu tulikuwa tumekwisha kumzika.

Sikulia. Nalisema mapema kwa sababu Mabwerebwere nzima, mtaa wetu hapa Kilosa, ililisema kabla yangu. Wanawake waliokuja msibani walinitazama usoni, wakatazamana. Mmoja alinifinya paja, kwa nia njema nadhani, akidhani maumivu madogo yatayafungulia njia makubwa. Niliviona vidole vyake vikifinya, basi. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ila ilikuwa mwili mzima. Nililetewa uji nikanywa. Nikiambiwa lala, nililala.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la rangi ya maziwa yaliyoganda, kuukuu hata kwa wakati ule. Lilikuwa la Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge, ambaye mume wangu alimfanyia kazi ya udereva na ufundi tangu kabla ya Uhuru. Mashamba yalipotaifishwa Mgiriki aliondoka, akamwachia mume wangu gari pamoja na sanduku la mbao lililokuwa stoo. Mzee yule alipenda mashindano ya magari. Ndani ya sanduku mlikuwa na bloa, yaani mashine ya kuisukumia injini hewa kwa nguvu, na pampu yenye mirija minne na nozo nne za kupulizia petroli, ambazo zingechukua kazi ya kabureta. Vyote vilikuwa vimefungwa kwenye karatasi yenye grisi, wala hapakuwa na maelezo ya namna ya kuvifunga. Kwa miaka sanduku lile lilikuwa kiti changu cha kuchambulia mchele.

Kilichomfanya alifungue ni mlima. Mume wangu alikuwa akibeba abiria kati ya Kilosa na Mikumi, na mimi nikifuatana naye mara kwa mara kwa kuwa kwetu ni Mikumi. Kabla hujafika Mikumi kuna mlima ambao gari letu halikupata kuupanda likiwa na watu. Katikati liliishiwa pumzi. Hapo abiria walishuka wakasukuma, wanawake wakiimba na kumtania dereva, na mimi nilikuwa na kazi yangu maalumu: kukimbia nyuma na jiwe na kuliweka kwenye gurudumu kila gari lilipotaka kurudi. Lilikuwa jiwe jeusi la mtoni, nikisafiri nalo chini ya miguu. Nilijulikana njia nzima kwa jina la Mama Jiwe. Mimi sikujali sana, lakini yeye aliudhika. Siku moja, mbele ya abiria waliokuwa wakitweta, alisema kwa sauti, “Mke wangu, mlima huu nitakupandisha ukiwa umekaa.”

Wakacheka. Wiki ile ile akanitoa kwenye kiti changu cha mchele.

Nilimshikia spana miezi yote aliyoifanya kazi ile. Nilijua kwa nini aliweka gasketi mbili juu ya injini badala ya moja: bloa ingesukuma hewa nyingi, kwa hiyo ilibidi mbano wa ndani ulegezwe kidogo, la sivyo pistoni zingepasuka. Nilijua kila mrija wa petroli unakwenda silinda ipi. Sikuyajua kwa akili nyingi. Niliyajua kama mtu anavyojua nyumba ambayo amekaa humo.

Sasa nieleze kuhusu mtani. Watu wa mume wangu ni Wasagara, na fundi mwenzake alikuwa Mnyamwezi, mtoto wa reli, aliyezaliwa Kilosa baba yake akiwa mfanyakazi wa njia ya treni. Kwa hiyo walikuwa watani, na utani kwetu huonekana zaidi msibani. Siku ya maziko watu wote wamenyamaza, yeye akashuka kaburini akalala chali na kusema hatoki mpaka apewe haki yake, kwani marehemu amekufa makusudi ili akwepe kufunga pampu. Watu walicheka huku wakilia. Akaulizwa anataka nini. Akataka spana ya marehemu, ile moja ya Mgiriki iliyokuwa ikishika kila kitu. Akapewa, akae nayo mpaka wafiwa waigomboe kwa pesa, akaichomeka kiunoni, akapanda juu, na mazishi yakaendelea.

Niliingia eda. Miezi minne na siku kumi hutoki nje ya ua wako, hujipambi, hujipaki manukato. Mama mkwe alihamia kwangu akae nami. Alikuwa bibi mfupi, mkavu, mwenye maneno machache ya Kiswahili na mengi ya Kisagara, na mume wangu alikuwa mtoto wake wa mwisho. Yeye alilia siku tatu, kisha akaacha kama mtu aliyemaliza kufua, akaanza kupanga jiko langu upya. Figa moja lilikuwa limepasuka. Akaenda garini, akachukua jiwe langu jeusi, akalifanya figa.

Siku ya arobaini alikuja kaka mkubwa wa marehemu, shemeji yangu, mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa upande wa Zombo. Nilimwamkia nikiwa ndani, yeye kwenye baraza.

“Shikamoo shemeji.”

“Marahaba. Poleni sana.” Akaweka kofia gotini. “Nimekuja na neno. Kijijini kwetu tuna mashine ya kusaga, ina mawe, haina injini. Mama zetu wanatwanga mpaka viganja vinachubuka. Injini ya marehemu iko hapa inaliwa na kutu. Naona iende huko ikasaidie watu.”

Hakuwa mtu mbaya na sitaki asomwe hivyo. Alichosema kilikuwa haki, na kwa siasa ya wakati ule ilikuwa zaidi ya haki. Mirathi nayo ilinipa robo tu, kwa kuwa hatukujaliwa mtoto, na robo ya gari ni gurudumu moja. Lakini nilijua desturi. Eda ikiisha, mjane ambaye hana mtoto hurudishwa kwao, na wakwe hufuatana naye kumkabidhi. Nilijiona juu ya lori la mizigo na kifurushi changu, nikiupanda mlima ule nimesimama, nimeshika bomba. Nilikuwa sihisi chochote tangu msiba, wala hilo halikuniumiza. Nililiona tu kwamba sitalikubali.

“Shemeji,” nikasema, “liache mpaka nitoke eda. Likinguruma siku hiyo, niachieni niende nalo kwetu. Lisiponguruma, chukua.”

“Nani atalifunga? Wewe?”

“Likinguruma, umesikia.”

Akacheka, si kwa ubaya. Mama mkwe akaitikia kwa Kisagara neno ambalo sikulipata, na shemeji akaacha kucheka. “Haya,” akasema. “Nitakuja na mkokoteni wa ng'ombe, ili nisirudi mikono mitupu.” Na kwa jinsi alivyokuwa na uhakika, mara iliyofuata aliyopita mjini alituachia mkanda mpya wa mashine ya kusaga, tumtunzie.

Mtani alikubali kazi kabla sijamaliza kumwomba. Shida ilikuwa mahali pa kusimama. Nyumba ilikuwa ya wanawake wawili, mmoja yumo edani. Mama mkwe alitoka akamsimamisha nje ya ua wetu wa miti ya mkonge.

“Utani una mpaka,” alimwambia, “na mpaka ni huu hapa.”

Basi tukafanya kazi hivyo. Gari lilikuwa limeingizwa kibandani kichwa mbele, taa zake zikiukaribia ua. Mtani alikaa nje juu ya debe, jicho kwenye upenyo kati ya miti miwili, na mimi nilikuwa ndani nimeinamia injini. Yeye alisema, mimi nikafunga. Nilipohitaji spana ya Mgiriki aliipitisha kwenye upenyo, na jioni aliidai.

“Hii haijagombolewa,” alisema kila siku. “Nikiiacha humo, watani zangu watanicheka mpaka Tabora.”

Jirani mmoja alikwenda kwa sheikh kushtaki kwamba mjane wa pale anapaka mafuta akiwa edani. Sheikh akauliza mafuta gani. Akaambiwa grisi. Akauliza kama kuna mwanamume yeyote Kilosa anayevutiwa na grisi. Shauri likaishia hapo.

Sikuwa na furaha katika kazi ile, nisije nikadanganya. Nilikaza bolti kwa sababu ilikuwa mbele yangu. Siku moja mtani alisimulia kisa cha marehemu na konda wa treni, kisa ambacho huko nyuma kilikuwa kikinitoa machozi kwa kucheka. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikauliza bolti inayofuata ni ya saizi gani. Akanijibu.

Pampu ya petroli ilikaa. Mirija minne nikaipeleka kila mmoja kwenye silinda yake. Bloa ndiyo ilitusumbua, maana ilikuwa na midomo miwili iliyofanana kama mapacha: mmoja wa kuvuta hewa kutoka nje, mwingine wa kuisukuma injini. Mume wangu alikuwa ameugonga mmoja alama kwa tindo, na mtani aliikumbuka.

“Huo wenye alama ndio wa kuvuta. Uweke kulia.”

Nikauweka kulia, nikafunga.

Mkanda wa kuizungusha bloa hatukuwa nao. Wakati ule madukani hata sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse mkanda wa kitu ambacho hakuna mtu wilayani aliyekuwa nacho. Mtani alizunguka karakana zote akarudi mtupu. Tulikaa, kila mtu upande wake wa ua. Mama mkwe alikuwa akipeta mahindi karibu nasi. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na mkanda wa shemeji.

“Mama, huo tumepewa tuutunze,” nikasema.

“Alisema tuutunze. Hakusema tusiuvae.”

Ulitosha, kwa kuisogeza kidogo puli, yaani gurudumu linalobeba mkanda.

Betri ilikuwa imechoka, imebaki na nguvu ya cheche tu, kwa hiyo ilibidi kuzungusha kwa hendeli, ule mkono wa chuma unaochomekwa mbele ya gari. Nilikuwa nimejaza petroli ambayo mtani aliitafuta ajuavyo yeye. Mimi nilitakiwa niwe kwenye pampu, yeye yuko nje, na eda ilikuwa imebaki siku za kuhesabika. Mama mkwe alijifunga kanga yake ya pili kiunoni akaishika hendeli.

“Kidole gumba kiwe upande mmoja na vingine, mama,” nikamwambia. Ndivyo mume wangu alivyonifundisha, kwa sababu injini ikipiga teke itakivunja.

“Kwani mimi nilimzaa nani?” akajibu, akazungusha.

Gasketi mbili zilikuwa zimelegeza mbano, ndiyo maana mkono wake uliweza. Injini ilikohoa, ikatema, ikanuka petroli, ikanyamaza. Akazungusha tena. Siku ile na siku zilizofuata alizungusha mpaka kanga ikamlowa mgongoni. Mtani, aliyezoea kumtania kila mtu, alimwuliza kupitia upenyo, “Bibi, unajua unachofanya? Mkweo akiondoka na gari hili, utabaki na nani hapa?”

“Wewe zungusha ulimi wako huko huko,” alisema. “Mimi nazungusha hendeli.”

Nililisikia swali lile la mtani. Lilipita sikioni kama mengine yote ya miezi ile.

Siku ya mwisho ya eda, mchana, tulikuwa bado. Mkokoteni wa shemeji ungefika kesho yake. Mama mkwe alizungusha, na mimi nikiwa nimeinama niliona pindo la kaniki yangu, lililokuwa limening'inia mbele ya mdomo wa kuvutia hewa, likipeperushwa kuja kwangu. Nikamwambia azungushe tena. Pindo likapeperuka tena. Mdomo ule ulipaswa kulivuta.

“Mtani,” nikasema, “mashine inapumua nje. Inaitoa injini hewa badala ya kuitia.”

“Haiwezekani. Si uliuweka mdomo wa alama kulia?”

“Uko kulia.”

“Kushoto huko! Nauona kwa macho yangu, uko kushoto.”

Nikainua kichwa nikalitazama jicho lake kwenye upenyo. Yeye alikuwa amelitazama gari usoni wiki zote zile, na mimi nililitazama nikiwa nyuma ya injini, nimemwelekea yeye. Kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu. Tangu mwanzo tulikuwa tumefunga kila kitu tukipishana, na vile vingine vilikaa sawa kwa kuwa havikujali pande.

Mtani alianza kujitukana, na Mnyamwezi akijitukana ni kazi ya jioni nzima. Sikumngoja. Nilifungua bloa, nikaigeuza, nikaifunga upya. Alinipa spana bila kusema habari ya kugomboa. Jua lilikuwa limeelekea magharibi lakini bado lipo. Mama mkwe akaweka kidole gumba pamoja na wenzake, akazungusha.

Iliwaka. Ilinguruma kwanza, kisha juu ya mngurumo ikaja sauti nyembamba, ndefu, ya bloa, sauti ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuisikia. Kuku walikimbia. Mtani alipiga yowe nje ya ua. Mama mkwe alisimama na hendeli mkononi, kichwa amekiinamisha kidogo, anasikiliza. Nilijua kwamba hapo ndipo mtu hulia, nikajingoja. Halikuja chozi. Nilifuta mikono.

Asubuhi walinitoa eda. Nilioga, nikavaa, nikavuka ua kwa mara ya kwanza. Shemeji alifika na mkokoteni, ng'ombe wawili na vijana wa kijiji, akalikuta gari linanguruma barabarani. Alilizunguka taratibu. Alipofika kwenye injini aliinama.

“Huu ni mkanda wangu.”

“Ukiutaka,” mama yake alimwambia, “uvue sasa hivi, unavyozunguka.”

Vijana waligeuza nyuso. Mtani alimwambia shemeji kwamba Wasagara ndio watu pekee duniani wanaokuja kudai mali na ng'ombe wawili na kurudi na ng'ombe wale wale. Shemeji alishindwa kujizuia, akacheka. “Ahadi ni ahadi,” akasema. Akanitakia safari njema, akaomba mkanda urudi siku nikipata mwingine. Mkanda niliurudisha baadaye, ila hayo ni mengine.

Tuliondoka watu watatu. Mtani aliendesha, peke yake mbele kama dereva wa mkuu wa wilaya. Mimi na mama mkwe tulikaa nyuma, kifurushi changu katikati yetu. Alikuja kunikabidhi kwa mama yangu, kama inavyotakiwa.

Mlima ulipoonekana, alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

“Jiwe liko wapi?”

“Jikoni, mama. Ulilifanya figa.”

“Mwambie asimame tushuke.”

“Hatushuki.”

Mtani alikanyaga. Ile sauti nyembamba ikapanda, na gari likapanda nayo. Tulipita mahali pa kushukia, tukapita mahali ambapo nilikuwa nikiweka jiwe la kwanza, na la pili, na pale ambapo wanawake walikuwa wakianza kuimba. Nilikuwa nimekaa. Nilikuwa nimeegemea kiti, mikono mapajani, kama alivyosema nitakuwa, na mlima uliisha upesi mno. Nilitaka uwe mrefu zaidi.

Tulipofika juu mama mkwe alisema, “Simama.”

Mtani alisimama. Bibi alishuka, akavuka kando ya barabara, akainama kwenye majani. Nilidhani anajisaidia. Alirudi akitembea upande upande kwa uzito, amekumbatia jiwe, akaingia nalo na kuniwekea mapajani, juu ya kanga yangu mpya.

“Hili la kurudia kwangu,” alisema. “Hata ukitokea huko kwenu, ni mlima.”

Kisha akafunga mlango na kutazama dirishani, upande wake. Alikuwa ameizungusha hendeli siku zote zile akijua inakonipeleka. Lile swali la mtani pale uani, kwamba bibi atabaki na nani, lililokuwa limepita sikioni likarudi, likaingia. Nililia hapo. Nilimlilia mume wangu kwa sauti, kama walivyotaka watu wa Mabwerebwere, na mtani hakugeuka wala hakutania. Alitia gia tukaanza kuteremka. Jiwe lilikuwa na udongo chini na lilinichafua. Nililipakata mpaka Mikumi.